Risala ya Askari Wastaafu wa Mbagala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Uchunguzi wa Macho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Temeke,
Mheshimiwa Diwani,
Mganga Mkuu wa Manispaa,
Viongozi wa dini na wa serikali za mitaa,
Maafande wenzangu, wajane wa wenzetu, mabibi na mabwana:

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Kwa niaba ya kikundi chetu nakukaribisha Mbagala, na tunakushukuru kwa kuja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wa wazee walioketi mbele yako walikuwa vijana pale Mwalimu Nyerere alipolihutubia taifa tarehe 2 Novemba 1978 kutangaza vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda. Walivuka Mto Kagera, wakapita Masaka na Lukaya, na baadhi yao walikuwamo Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule leo amevuka 65. Huo ndio umri ambao macho huanza kudai.

Ugonjwa unaotusumbua zaidi ni mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho hufifia polepole, kama kioo cha gari kilichoingia ukungu, na mzee huzoea giza lake bila kusema. Huanza kumpa mjukuu namba ya siri ya simu amtolee hela. Huacha kwenda msikitini alfajiri au misa ya kwanza kwa kuogopa mitaro. Nyumbani husema, “Huo ni uzee tu.” Mheshimiwa, si uzee tu. Huo ni ugonjwa unaotibika kwa upasuaji ambao mara nyingi hauchukui hata saa moja: lenzi iliyoharibika hutolewa, ikawekwa ya bandia. Mwenzetu mmoja aliyefanyiwa alituambia kilichomfurahisha kuliko vyote ni kuhesabu pensheni yake kwa mikono yake mwenyewe, bila kumwomba mtu.

Presha ya jicho ni habari nyingine, na hiyo ndiyo inayotutia hofu. Aina yake iliyo ya kawaida haiumi, na inakula uoni kuanzia pembeni huku mgonjwa akiendelea kuona mbele. Kilichopotea hakirudi, dawa hulinda kilichobaki tu, tena matone hutiwa kila siku maisha yote. Tunaye dereva wetu wa malori ya vita aliyepoteza jicho moja kwa namna hiyo. Miaka yote hiyo alikuwa na miwani ya kusomea aliyonunua kwa machinga Kariakoo, na kwa kuwa gazeti lilisomeka, aliamini macho yake ni mazima. Hakuna aliyewahi kumpima ndani ya jicho. Naomba pia vijana wanaonisikia wasiwanunulie wazee matone ya macho dukani bila cheti cha daktari: mengine yana steroidi, na hayo yakitumika muda mrefu huongeza presha ya jicho na huleta mtoto wa jicho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatusemi kwamba Dar es Salaam haina matibabu ya macho. Muhimbili ipo, CCBRT ipo Msasani, na sisi askari tuna Lugalo yetu. Shida yetu ni kufika, na kufika tena. Mzee wa Chamazi asiyeona vizuri hapandi daladala peke yake. Lazima apatikane wa kumshika mkono, na huyo anaacha genge lake au kibarua chake siku nzima. Nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi, magari mawili au matatu. Akishapasuliwa anatakiwa arudi kesho yake kuangaliwa, kisha arudi tena baada ya muda. Tunao waliofanyiwa upasuaji wa jicho moja wakaishia hapo, kwa sababu safari za jicho la pili ziliwashinda.

Wapo pia wasio na kadi yoyote ya kuonesha dirishani. Vita ile ilipiganwa pia na mgambo, na ilipokwisha wengi walirudi kwenye shughuli zao. Sera inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Tunaishukuru Serikali kwa hilo kwa dhati. Lakini mzee anapofika na barua ya mtaa, akamwona daktari, kisha akaambiwa matone akanunue nje, huwa anarudi nyumbani bila dawa.

Kwa hiyo ombi letu kubwa ni moja: mtaalamu wa macho awepo kwenye kituo cha afya cha huku kwetu kwa siku inayojulikana, hata mara moja kwa mwezi, akiwa na kifaa cha kupima presha ya jicho. Wanaohitaji upasuaji waandikishwe hapo hapo na wapelekwe kwa gari moja pamoja, na marudio yao yafanyike huku huku. Sisi tutawatafuta wazee nyumba kwa nyumba. Majina tunayajua na njia tunazijua. Tunaomba vilevile matone ya presha ya jicho yasikosekane kwenye dawa za wazee, na mgambo na wajane wa askari wasaidiwe kupata vitambulisho vya matibabu bila kuzungushwa.

Mheshimiwa, wazee waliokwisha kupimwa asubuhi hii wako kwenye hema la kushoto, kila mmoja ana karatasi yake mkononi. Kabla ya hotuba yako tunakuomba upite, uwasalimie na uzisome karatasi hizo ukiwa na Mganga Mkuu, kwa sababu wengine wameandikiwa upasuaji na bado hawajui watafikaje.

Naomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na kamati ya wazee na kusomwa na Katibu wa kikundi.