Chakula cha Pasaka kinachokaa saa 7 ndani ya begi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi na walezi wenzangu ambao, Pasaka inapokaribia, huanza kuumiza kichwa juu ya kitu cha kumfungia mtoto aende nacho shuleni, hasa siku hizi ambapo baadhi ya shule za kutwa huwaagiza watoto waje na “kikapu cha Pasaka” siku ya mwisho kabla ya mapumziko. Nilifundisha Sayansi Kimu katika shule za msingi mkoani Morogoro kwa miaka mingi. Sasa ni mstaafu na ninalea wajukuu wawili, mmoja yuko darasa la pili na mwingine darasa la tano, kwa hiyo niyasemayo nimeyapitia kwa chaki na kwa mwiko.

Mwaka jana shule anayosoma mmoja wao, ambayo sitaitaja, ilituma karatasi yenye orodha: mayai ya chokoleti, biskuti zenye umbo la sungura, soseji ndogo, juisi ya pakiti na “chochote cha rangirangi”. Nilinunua vyote, maana hakuna bibi anayetaka mjukuu wake awe peke yake mwenye mikono mitupu. Chokoleti huanza kulainika joto likizidi kidogo nyuzi 30, na darasa lililoezekwa bati mjini Morogoro mwishoni mwa Machi halina shida ya kulifikia joto hilo. Mtoto alirudi na mayai yale yakiwa uji, nusu umeingia kwenye daftari la Hisabati na nusu kwenye sweta, wala hakuna hata moja alilolionja. Soseji sikuthubutu kuzinusa mara mbili.

Orodha kama ile hunakiliwa kutoka kwenye picha za nchi ambako Pasaka huja hewa ikiwa bado ya ubaridi, na mtoto hufika shuleni muda mfupi baada ya mfuniko kufungwa. Kwetu basi la shule hupiga honi saa 11:45 alfajiri. Chakula hufungwa saa 11:30 na hakifunguliwi hadi saa 6:40 mchana. Hizo ni zaidi ya saa 7 ndani ya begi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2. Ndiyo maana kila ninalolipendekeza hapa nimelipima kwanza kwa saa hizo, na baadaye kwa uzuri wake.

Kabla ya mapishi, niseme neno juu ya siku yenyewe. Pasaka haina tarehe moja. Huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake, ndiyo sababu mwaka 2024 ilikuwa 31 Machi, mwaka 2025 ikawa 20 Aprili, na kwa mwaka 2026 ni 5 Aprili. Kuna mwaka huwakuta watoto likizo, na kuna mwaka wanarudi darasani Jumanne, mara tu baada ya Jumatatu ya Pasaka. Sherehe ya shule ikifanywa Jumatano au Alhamisi ya Juma Kuu, familia nyingi za Kikristo bado ziko kwenye mfungo wa Kwaresima, na kumjazia mtoto nyama na keki siku hiyo ni kula karamu kabla ya arusi. Katika Kanisa Katoliki sikukuu hii huadhimishwa kwa siku 8 mfululizo na majira yake hufika siku 50, hadi Pentekoste, kwa hiyo mzazi anayefunga chakula cha sikukuu Jumanne hajachelewa hata kidogo. Ningekuwa bado na ofisi shuleni, ningeihamishia sherehe huko.

Nianze na yai, kwa sababu lina uhusiano wa kweli na Pasaka. Zamani Wakristo wa Ulaya walikatazwa kula mayai wakati wa Kwaresima, lakini kuku hawakukatazwa kutaga, na Pasaka ilipofika kila nyumba ilikuwa na mayai ya kugawa. Kulipaka rangi hakuhitaji kopo la dukani. Katika Soko Kuu la Chifu Kingalu niliomba maganda makavu ya vitunguu ambayo wauzaji huyafagia na kuyatupa, nikajaziwa mfuko mzima bila malipo, na kijana aliyenijazia akaniuliza kama nafuga mbuzi.

Maganda ya vitunguu vyekundu 10 hadi 12 yanatosha mayai 12. Yachemshe kwa lita 1 ya maji kwa nusu saa, yachuje, maji yapoe, kisha utie vijiko 2 vya chakula vya siki, ambayo husaidia rangi kushika kwenye gamba. Chagua mayai meupe au yale ya kienyeji yenye gamba la rangi ya maziwa, kwa kuwa ya kahawia hayaonyeshi rangi vizuri. Hapo ndipo wajukuu wangu huingia jikoni: kila mmoja huchukua jani moja la giligilani, hulilowesha, hulilaza juu ya yai lake, nami hulifunga yai kwa kipande cha soksi ndefu nyepesi iliyochakaa na kukaza ncha zote mbili kwa uzi. Mayai huzamishwa katika yale maji ya maganda yakiwa ya baridi, na yakishachemka tunahesabu dakika 12, halafu tunayaacha humo nusu saa nyingine. Ukifungua soksi unakuta yai lina rangi ya chungu kipya, na ubavuni limebaki jani jeupe lenye kingo zake zote, kama lililochorwa kwa sindano. Manjano ya unga, vijiko 3 vya chakula kwa lita ileile, hutoa rangi ya dhahabu kwa njia hiyohiyo, na tone la mafuta ya kula kwenye kitambaa huling’arisha gamba. Yule wa darasa la pili alikataa kata kata kulivunja la kwake, ikabidi nimchemshie jingine la kula.

Mayai hayo yapikwe jioni na kulala kwenye friji na maganda yake. Asubuhi yawekwe katika kontena la chakula pamoja na chupa ndogo ya maji yaliyogandishwa, iliyoviringishwa kwenye kitambaa. Barafu hulinda yai, na ikiyeyuka mtoto anapata maji ya kunywa. Mwambieni alimenye na kulila mapumziko ya saa 4, asilingojeze hadi mchana. Asiye na friji asijilazimishe: yai liliwe nyumbani likiwa jipya, na kontena libebe vitu vikavu.

Katika vitu vikavu hakuna ninachokipenda kama skonzi zenye alama ya msalaba, ambazo kwa desturi ya Waingereza huliwa Ijumaa Kuu, lakini ambazo mimi huzipika hata Jumatatu jioni kwa ajili ya begi la Jumanne. Chukua nusu kilo ya unga wa ngano, vijiko 4 vya chakula vya sukari, kijiko 1 cha hamira, vijiko 3 vya siagi, chumvi kidogo, hiliki na mdalasini kadiri unavyopenda, zabibu kavu kiganja kimoja, na maziwa vuguvugu yapatayo mililita 300, ukiyamimina kidogo kidogo. Kanda mpaka unga uache kung’ang’ania vidole, uumuke hadi uwe maradufu, ugawe mabonge 12, kisha uyaache yaumuke tena kwenye chombo cha kupikia. Msalaba ni unga na maji tu, vilivyokorogwa vikawa rojo nzito, na huchorwa kwa karatasi safi iliyosokotwa kama ile ya muuza karanga, ncha yake ikiwa imekatwa. Asiye na oveni apalie: makaa machache chini ya sufuria na mengi juu ya mfuniko, kwa dakika 20 hadi 25. Makaa yakizidi chini zitaungua kabla msalaba haujakauka, na hilo nalisema kwa uzoefu wa sinia zima lililokwenda kwa kuku. Anayeona kazi hiyo ni kubwa apike maandazi yake ya kila siku, ila ayakate kwa mdomo wa kikombe cha bati kilichobonyezwa kidogo ili yatoke na umbo la yai. Mtoto hatauliza zaidi.

Sasa pilau, na hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja, Jumanne ya Pasaka, nilimfungia mjukuu mkubwa pilau la Jumapili, lililokaa kwenye sufuria siku nzima ya Jumatatu kwa sababu niliona “bado halijachacha”. Nililipasha, nikalitia kwenye hotipoti, na kabla ya saa 8 mchana nikaitwa shuleni. Mtoto alitapika njia nzima na usiku tulikesha naye. Katika wali uliopikwa hubaki vijidudu ambavyo hujikinga kwa gamba gumu wasiuawe na moto wa kawaida; wali ukiachwa vuguvugu kwa muda mrefu huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha tena. Somo hilo nililiandika ubaoni mwaka baada ya mwaka, halafu nikashindwa na uchoyo wa sahani 2 za pilau.

Anayetaka mtoto wake ale pilau siku hiyo alipike alfajiri ileile, dogo tu la kikombe kimoja cha mchele, na alitie likiwa la moto kabisa kwenye chombo kilichokwisha kujazwa maji yanayochemka kwa dakika 10 na kumwagwa. Hotipoti nyingi za plastiki hazifiki saa 6:40 na moto wa kutosha. Kijaribuni chombo chenu siku ya mapumziko: kijazeni maji yaliyochemka saa 11:30 alfajiri, mkifungue mchana, na kama mtu anaweza kutumbukiza kidole na kukiacha humo bila kushtuka, chombo hicho hakifai kubeba wali wala nyama. Chupa ya chai yenye mdomo mpana hufanya vizuri zaidi, ingawa bei yake inauma.

Matunda yasichukue maneno mengi. Ndizi mbivu husafiri na maganda yake na haiwezi kushindwa na picha yoyote ya mtandaoni. Parachichi la Aprili ni tamu mno lakini likikatwa alfajiri hufika jeusi, na kachumbari hulowesha kila kilicho jirani. Karanga za kukaanga ni nzuri kwa watoto wakubwa, baada ya kumuuliza mwalimu kama darasani hakuna mwenye mzio nazo. Kwa pambo, pitisha kipande cha jani la mgomba juu ya moto mpaka kilainike, ukitandike chini ya kontena, skonzi zikae juu yake. Ule ukijani na ile rangi ya hudhurungi vinatosha kumfanya mtoto aite wenzake waje kuona.

Nao wenzake hao, katika darasa la kwetu, si Wakristo peke yao. Watoto hugawana, hata ukiwakataza, kwa hiyo chakula cha sikukuu kinachoingia darasani kiwe kile ambacho jirani wa dawati anaweza kukipokea bila kumwuliza mama yake. Soseji zisizojulikana nyama yake, na zile peremende laini za kuvutika ambazo gelatini yake huenda imetokana na nguruwe, zinamtia mtoto wa Kiislamu katika mtihani asiostahili. Yai, andazi na ndizi hazina mtihani huo. Mjukuu wangu hubeba skonzi 3, na kwa miaka 2 sasa ya tatu imekuwa ya rafiki yake, ambaye naye humletea kaimati Idi ikifika.

Kwa walimu wakuu nina ombi dogo: karatasi ya maagizo itumwe mapema, isitaje kitu cha kununuliwa supamaketi, na siku yenyewe kuwe na ndoo ya maji na sabuni mlangoni, kwa kuwa watoto 40 wanaomenya mayai kwa mikono iliyotoka uwanjani ni jambo la kutisha kuliko pilau langu. Nawe Mhariri, barua hii ikipata nafasi, naomba itoke wiki 2 kabla ya Jumapili ya Matawi, ili asiye na soko karibu aanze kutunza maganda kila anapokatia mchuzi kitunguu.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro