Cheche za grinda si za kushangaa tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wa kuchomelea wa mitaani, na zaidi na wenye nyumba wanaowapangisha fremu.

Mtaani kwetu fundi wa mageti na seremala wametenganishwa na turubai tu. Grinda ikianza kukata bomba, cheche zinapita chini ya turubai hadi kwenye maranda, na watoto wanasimama kuangalia. Wengi tunazichukulia kama mwanga unaozimika hapo hapo. Kumbe kila cheche ni chembe ya chuma iliyokwanguliwa na diski ikapata moto, na ikiwa hewani inaungua yenyewe. Joto lake huweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Alumini ukiikata huoni cheche za namna hiyo. Zinazoruka wakati wa kuchomelea ni matone ya chuma kilichoyeyuka. Hayo huviringika sakafuni na kuingia kwenye nyufa yakiwa bado ya moto.

Cheche ikizama kwenye maranda au godoro inaweza kufukuta kimyakimya. Fundi anafunga, anakwenda kulala, moto unalipuka usiku hakuna mtu. Ndiyo maana kanuni za kazi za Marekani zinataka vitu vinavyoshika moto vikae karibu mita 11 mbali au vifunikwe, na pale penye hatari abaki mtu wa kulinda angalau nusu saa baada ya kazi.

Petroli ni balaa zaidi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na cheche ndogo ya betri inautosha. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, tulizika watu zaidi ya 100 baada ya lori la mafuta kupinduka na watu kwenda kuchota. Bado kuna mafundi wanaopokea tangi la pikipiki, wanamwaga petroli, wanalitikisa, wanaanza kuchomelea. Tangi la namna hiyo lina hatari kuliko lililojaa, maana ndani mna mvuke uliochanganyika na hewa!

Ofisa anayekuja kudai leseni ya biashara aulize pia mchanga na kizimamoto viko wapi. Na mwenye fremu asimweke fundi wa kuchomelea ubavuni mwa muuza magodoro kwa sababu tu amelipa kodi ya miezi sita.

Msomaji wako,
Dar es Salaam