Barua ya wazi kwa vijana wa steji yetu, kabla ya basi la Mombasa

Wanangu wa steji ya boda boda,

Nasikia mmeanza kuchanga tena pesa za basi la Desemba. Sawa. Pesa ni zenu, na Mombasa ni pazuri. Nimeendesha lori njia ile miaka 27. Lakini mwaka jana mlinichukua niwe mkalimani wenu, na nilichokiona ufukweni mkakigeuza kichekesho cha WhatsApp. Mimi sikucheka.

Mmoja wenu, anajijua, alikuwa ameshakunywa. Kulia mawimbi yanapasuka meupe, kushoto vilevile, katikati kuna ukanda wa maji bapa, rangi yake imekoza kidogo. Akaniambia, "Mzee, hapa pametulia." Mimi nilikuwa natazama kandambili ya mtu ikielea kwenye ukanda huohuo, inakwenda zake baharini. Kabla sijafungua mdomo, ameshaingia.

Pale palipotulia ndipo penye mlango. Maji yakisukumwa ufukweni lazima yarudi, nayo hutafuta bonde kwenye mchanga au pengo kwenye mwamba, yakatokea hapo yote kwa pamoja. Mkondo huo ukichachamaa hufika mita 2 kwa sekunde. Bingwa wa Olimpiki angebaki palepale anatapatapa. Haukuzamishi. Unakupeleka mbali tu, na ukishapita mawimbi unachoka wenyewe. Mtu anakufa kwa sababu amemaliza pumzi akishindana nao.

Na nyinyi ni boda boda wazima! Foleni ikifunga pale Clock Tower, Kampala, nani kati yenu anasukuma lori kwa kifua? Si unakata kando, unatafuta uchochoro? Majini ni hivyohivyo. Lala chali, vuta pumzi, inua mkono uonekane, kisha ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwenye mkondo, ndipo urudi. Ukishindwa, endelea kuelea. Mvuvi mmoja alimpigia kelele kijana wetu, "Usishindane nayo! Pita kando!" Yeye anachapa mikono kama anafyeka nyasi, uso umetuelekea sisi, na bado anarudi nyuma. Ngalawa ya mvuvi huyo ndiyo iliyomwokoa. Hadi leo hamjamtumia hata ya chai.

Tisa mlikuwa mmeinua simu. Wa kumi alivua shati ajitose. Nikamshika mkanda, akanitukana. Heri matusi. Wengi wamekufa maji wakienda kuokoa wenzao. Tupa jerikeni tupu iliyofungwa vizuri, tupa kamba au mpira wa tairi, wewe ubaki nchi kavu.

Mengine kwa ufupi: waulizeni wavuvi saa za maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, msikaribie mlango wa mwamba. Hakuna kuoga usiku. Pombe baada ya maji, si kabla.

Kuna anayesema, "Sisi ni watoto wa ziwa." Maziwa makubwa nayo yana mikondo hii, hata Michigan kule Marekani inaua watu hivyohivyo. Tena maji ya chumvi yanakubeba kuliko ya ziwani, unajiona fundi. Na hilo ziwa letu lenyewe, Victoria, tumelijulia wapi? Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya MV K-Palm ilizama upande wa Mukono na watu waliokuwa kwenye starehe, wakafa zaidi ya 30. Tulilia, kisha tukarudi kupiga muziki ufukweni, mlinzi wa waogaji hayupo. Kosa si lenu peke yenu. Sisi wazazi tuliwatisha kwa mizimu ya ziwa badala ya kuwafundisha kuelea, na shule zikafundisha samaki kwenye ubao. Mtoto anazaliwa Ggaba, anasikia maji akiwa kitandani, na akitumbukia anazama kama jiwe. Mimi mwenyewe nilijifunza nikiwa na miaka 40, nikiona aibu mbele ya watoto.

Kwa hiyo nimezungumza na mwenye bwawa moja hapa Entebbe. Bwawani, si ziwani, kichocho nakijua. Jumapili nne, saa moja asubuhi, bila simu. Asiyeweza kuelea chali dakika tano atakwenda Mombasa, ndiyo, lakini atakaa na mimi chini ya mnazi ashike kamba. Nimeshainunua, mita 30, na ile jerikeni ya njano nimeikaza kifuniko. Kiti cha karibu na mlango wa basi ni changu.

Mzee wenu wa lori,
Entebbe