Kiwanja chetu kisipakwe rangi Aprili

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi rangi hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 26 sasa. Naomba nafasi gazetini kwako, maana kwenye kikao cha mtaa nilipewa dakika mbili na moja ikaishia kwenye salamu.

Vijana wetu wamepata mfadhili wa kukipaka upya kiwanja cha mpira wa kikapu. Ni jambo la heri, na mfadhili sina neno naye. Neno langu ni tarehe. Anataka kazi ifanyike Jumamosi moja tu, katikati ya Aprili, na jioni yake picha zipigwe. Aprili, Tanga, masika yamekolea!

Kosa hili tulishalifanya. Miaka mitatu iliyopita msamaria mwingine alituletea rangi nyekundu ya mafuta, ile ya kung'aa tunayopaka milango na magrili. Tukafagia juu juu, tukamimina, tukasukuma rola hadi magharibi. Nami nilikuwemo, rola mkononi, kwa hiyo simsemi mtu. Niliona na nikanyamaza, nikiogopa kuambiwa nazuia baraka. Siku ile kiwanja kiling'aa kama gari lililotoka kuoshwa. Mvua ya kwanza ilipopiga kikawa sabuni. Mtoto wa dada yangu aliruka kufunga, akatua, akateleza, akavunjika kifundo cha mkono. Kufika Desemba rangi yenyewe ilikuwa inabanduka kama ganda la sambusa, na chini yake unga mweupe wa chumvi.

Unga ule ulikuwa unatuambia kitu. Zege letu linanyonya maji kutoka ardhini, na maji yakipanda huja na chumvi. Ukiliziba kwa rangi ya mafuta, unyevu hutafuta pa kutokea, na njia yake ni kuibandua rangi. Kupima ni rahisi. Chukua kipande cha nailoni, kibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne, kiache hadi kesho yake. Ukikuta jasho upande wa chini, kopo lako lisifunguliwe. Nailoni na tepu haviwezi kumshinda mtu yeyote mtaani kwetu.

Sisemi Aprili tukae bure. Mvua ina kazi ambayo mimi na futi yangu hatuiwezi: inaonyesha mahali sakafu ilipobonyea. Ikikatika na jua likatoka, subiri saa moja, kisha zunguka kiwanja na sarafu. Palipo na maji ya kuifunika sarafu iliyolala, hapo ni shimo, hata kama jicho linaona pamesawazika. Papigwe alama. Nyufa na mashimo hayo yakwanguliwe, yazibwe kwa saruji, na saruji mbichi iachwe siku 28 kabla ya rangi yoyote kuigusa. Halafu kuna ukungu wa kijani upande wa ukuta, unataka brashi ngumu na dawa ya klorini. Na kuna oili. Ndugu zangu wa bodaboda mnaoegesha chini ya goli la kusini, tunapendana, lakini rangi haishiki kwenye oili, na madoa yale tutayasugua pamoja.

Rangi yenyewe iwe ya maji, akriliki ya sakafu za nje, ichanganywe na mchanga laini ili kiatu kishike. Hesabu si ngumu: kiwanja kamili ni mita 28 kwa 15, yaani mita za mraba 420. Kwenye zege kavu lenye kiu kama letu, lita moja nakadiria mita za mraba 8. Ukipaka mara mbili, mkono wa kwanza na wa pili, unapata zaidi kidogo ya lita 100, ndoo tano kubwa na akiba. Mfadhili ameahidi ndoo tatu. Afadhali tupake nusu kiwanja vizuri kuliko kuzimua rangi mpaka iwe maji ya kunawia.

Vijana wamenionyesha kwenye simu kile kiwanja cha Duperré cha Paris, kilichobanwa katikati ya majengo, rangi kibao. Kizuri, sikatai. Mimi niliuliza chini yake kuna nini, wakacheka.

La mwisho ni mistari, ambalo kwangu ni zito kuliko rangi. Kiwanja chetu kina mistari miwili ya pointi tatu kila upande, ile ambayo ukifunga ukiwa nje yake unapata tatu badala ya mbili. Wa zamani uko mita 6.25 kutoka chini ya ringi, mpya 6.75, kwa kuwa sheria ilibadilika mwaka 2010. Mwaka huohuo eneo la sekunde tatu, lile la mbele ya goli, liliacha kuwa na umbo la sketi likawa mstatili. Kwetu sketi bado ipo, na mstatili umechorwa juu yake. Matokeo yake kila Jumamosi wazee wanadai pointi tatu kwa mstari wao, vijana wanawapa mbili, na mpira unasimama robo saa nzima. Mistari ya zamani ifutwe kabisa. Na atakayechora mduara wa pointi tatu asipimie kwenye nguzo ya goli, kama ilivyofanyika mara ile. Apigilie msumari chini ya katikati ya ringi, mita 1.575 kutoka mstari wa nyuma, afunge kamba hapo, avute. Pembe za kiwanja azihakiki kwa tatu, nne, tano, kama msingi wa nyumba: mita tatu upande mmoja, nne upande wa pili, na kati ya ncha zake ziwe tano. Mistari yote sentimita 5, kwa tepu, si kwa macho.

Picha za mfadhili zinaweza kupigwa Septemba. Sisi tunaanza Jumamosi hii saa moja asubuhi, inyeshe isinyeshe. Nitakuja na sarafu, kipande cha mkaa cha kuzungushia madimbwi, na ufagio wa chelewa. Anayekuja aje na wake. Rangi haitakuwepo.

Fundi rangi,
Ngamiani, Tanga