Tuonyesheni ukurasa wa 7

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini habari yenu ya juma lililopita kuhusu mwanasiasa wa Marekani anayelipwa mshahara na shirika la hisani aliloliasisi mwenyewe, pamoja na malumbano ya wasomaji yaliyofuata, imenishinda kuinyamazia.

Upande mmoja unamwita mwizi kwa kuwa mshahara ni mnono, na upande wa pili unamtakasa kwa kuwa hajafikishwa mahakamani. Mshahara peke yake si kosa. Sheria ya kodi ya nchi ile inaruhusu shirika la hisani kumlipa kiongozi wake ujira unaolingana na kazi yake, na akizidishiwa, yeye binafsi hutozwa asilimia 25 ya ile ziada, kisha asilimia 200 asipoirejesha kwa wakati. Cha kuuliza ni nani waliopanga kiwango hicho, walikilinganisha na nini, na kama mhusika alitoka nje ya kikao walipokuwa wakikipitisha. Tuhuma za ubadhirifu zina mizani nyingine: shirika lililomwingiza matatani Corrine Brown, aliyekuwa mbunge wa Florida, lilikusanya zaidi ya dola 800,000 na kutoa ufadhili wa masomo wa dola 1,200 tu. Hatia aliyotiwa mwaka 2017 ilitenguliwa katika rufaa, na mwaka 2022 akakiri kosa moja la kodi. Mwandishi wenu amechanganya mambo hayo mawili katika chungu kimoja na kutuachia wasomaji tuchambue.

Nilipokuwa nikifanya kazi huko, nilichangia kila mwezi shirika moja la aina hiyo, na siku moja nikaenda ofisini kwao kuomba kuiona Fomu 990, yaani taarifa ya fedha ambayo shirika huwasilisha kila mwaka kwa mamlaka ya kodi, na ambayo kila mtu ana haki ya kuonyeshwa siku hiyo hiyo anapofika mwenyewe. Karani wa mapokezi aliniambia mkurugenzi yuko safarini, kana kwamba alisafiri na kabati. Niliporudi akanitaka niandike barua. Nikaandika, nikangoja, na hatimaye nikapokea bahasha yenye nakala iliyobanwa vizuri kwa pini, ambamo ukurasa wa 6 ulifuatiwa na ukurasa wa 8. Ukurasa wa 7, Mhariri, ndio unaotaja majina ya viongozi, wastani wa saa wanazofanya kazi kwa wiki, na wanacholipwa. Nilipopiga simu kuuliza, niliambiwa huenda mashine ya kunakili ilikuwa na hitilafu. Sijawahi kuona mashine yenye adabu kiasi hicho kwa mwajiri wake.

Hata pasipo mashine ya namna hiyo, kalenda nayo inawalinda. Mbunge aliye madarakani Washington haruhusiwi kulipwa kwa kuwa ofisa au mjumbe wa bodi ya shirika, lakini mgombea hana kizuizi hicho. Shirika linalofunga hesabu zake Desemba hutakiwa kuwasilisha fomu ifikapo tarehe 15 Mei, na likiomba kuongezewa muda hupewa hadi tarehe 15 Novemba, ilhali siku ya uchaguzi mkuu haivuki tarehe 8 ya mwezi huo huo. Mpiga kura huyaona malipo akiwa ameshapiga kura.

Na ninyi wenye magazeti hamjanawa mikono. Kila msimu wa kampeni mnatuchapishia picha za hundi kubwa kama mlango, bila kuuliza fedha ni za nani. Hundi za shirika lake la hisani alizogawa Donald Trump katika jimbo la Iowa mwaka 2016 zilikuwa na kaulimbiu ya kampeni yake, na fedha zilichangwa na watu wengine. Kwa hilo, mwaka 2019 mahakama ya New York ikamwamuru alipe dola milioni 2.

Napendekeza fomu hizo ziwasilishwe kabla ya tarehe 15 Septemba kila mwaka wa uchaguzi, na gazeti lako lisichapishe tena picha ya hundi ya aina ile mpaka ukurasa wa 7 uwe umebandikwa mgongoni mwake, kwa herufi za ukubwa ule ule, na mpigapicha apige pande zote mbili.

Msomaji wenu wa siku nyingi