Risala ya Kikundi cha Watu Wanaoishi na Kisukari kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Madaktari na wauguzi wa kliniki yetu,
Wanachama wenzetu na familia zenu,
Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa hai. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu na kwa kufika. Kufika tunakutaja kwa makusudi, maana tumewahi kualika akaja mwakilishi wa mwakilishi.

Historia ya kikundi chetu ni fupi na tutaifupisha zaidi. Tulianzia kwenye benchi la kliniki, tukiulizana sukari zetu zimesoma ngapi. Leo tuna katiba, muhuri na akaunti ya benki. Mengine yamo kwenye kabrasha ulilokabidhiwa mlangoni.

Mafanikio ni makubwa. Tumeunda Idara ya Elimu kwa Umma, inayoongozwa na wanachama 2 mahiri ambao pia ndio wajumbe wake wote. Tumefungua maktaba yenye vitabu 4. Kabati liko katika hatua za mwisho.

Mheshimiwa, changamoto tunazo nyingi, ila uzoefu umetufundisha kutaja moja, isije ikapotelea katikati ya nyingine. Ni vijiti vya kupimia sukari.

Mwili wenye afya haupumziki kupima. Katika damu yote ya mtu mzima huzunguka sukari ya gramu 5 hivi, ilhali ubongo peke yake hutumia karibu gramu 120 kwa siku. Kiasi hicho kidogo lazima kijazwe na kupunguzwa usiku na mchana. Sukari ikipanda, seli za beta za kongosho humwaga insulini; misuli na mafuta huivuta sukari, na ini huiweka akiba. Ikishuka, seli za alfa hutoa glukagoni, na ini huirudisha kwenye damu. Mwenye afya hajui hata kama kazi hiyo inafanyika. Sisi tunajua, kwa kuwa kwetu imeharibika. Wenye aina ya kwanza, seli zao za beta zimeangamizwa na kinga ya mwili wenyewe. Wenye aina ya pili, mwili hauitii insulini ipasavyo, na kongosho limechoka kuongeza.

Ini lisiposikia amri ya insulini, humimina sukari usiku kucha hata kama mwenyewe amelala na njaa. Asubuhi mashine inasoma milimoli 11 kwa lita, juu ya kawaida, na mgonjwa anaulizwa usiku alikula nini kwa kujificha. Wamo humu ukumbini waliosingiziwa hivyo nyumbani kwao na, tunaomba radhi, hata dirishani kwa mhudumu.

Lakini siku mbaya kuliko zote ni siku ya kuugua. Homa ikishika, au kidonda kikitunga usaha, mwili hutoa kortisoli na adrenalini, homoni zinazolifanya ini litoe sukari zaidi na kuidhoofisha insulini. Mgonjwa hali kitu, anatapika, anajiambia: sijala, insulini ya nini? Anaruka sindano. Kumbe sukari inapaa. Kwa mwenye aina ya kwanza, insulini ikikosekana mwili hugeukia kuchoma mafuta bila kipimo, damu ikajaa asidi za ketoni, na hali hiyo huweza kuua ndani ya siku chache. Mwingine anachoma dozi yake ya kila siku, chakula kinamshinda, sukari inashuka chini ya 4. Anatetemeka, anatoka jasho, anapoteza fahamu. Ukiwakuta wote wawili wamelegea na maneno yamewavurugika, utajuaje yupi anahitaji sukari na yupi anahitaji insulini? Tone moja la damu kwenye kijiti lingejibu.

Mgeni rasmi aliyesimama hapo miaka ya nyuma alilielewa jambo hili vizuri sana. Alitupa mashine za kupimia, tukapiga makofi, tukapiga na picha. Kila mashine ilikuja na vijiti vya kuanzia, na tukaahidiwa kwamba vingine vitafuata ndani ya robo hiyo ya mwaka. Vijiti vya kampuni nyingine haviingiliani na mashine zile. Tuliandika barua ya kukumbusha, kisha barua ya kukumbushia ile ya kwanza, tukajibiwa kuwa suala letu linafanyiwa kazi. Mashine tumezitunza, zimo kwenye maboksi yake, na ukipenda utaonyeshwa. Mgeni aliyefuata alituahidi mashine za kisasa zaidi. Naye tulimshukuru.

Tunafahamu tutaambiwa kwamba kliniki inapima. Ni kweli, na wauguzi wetu hatuna la kuwalaumu. Lakini kipimo cha kliniki ni cha asubuhi moja. Kile cha HbA1c, kipimo cha damu kinachotazama sukari ya miezi miwili hadi mitatu, nacho ni wastani tu: anayepanda hadi 18 leo na kuanguka hadi 3 kesho anaweza kupata jibu la kupongezwa. Insulini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977, na tunashukuru kuwa kwetu inapatikana. Bila vijiti, tunakisia dozi ya dawa ambayo ikizidi inaua.

Hivyo basi, Mheshimiwa, tunaomba vijiti viingizwe katika maagizo ya kawaida ya kliniki pamoja na insulini, viwe vya aina inayoingia kwenye mashine tulizonazo, na wanaochoma insulini watangulizwe. Wanaotumia vidonge pekee wamekubali kusubiri, ingawa si kwa furaha. Hatuombi mashine. Kwa unyenyekevu mkubwa tunarudia: hatuombi mashine. Na kama ombi hili haliwezekani, tunaomba tuambiwe leo hii.

Karatasi ya ahadi, yenye nafasi ya tarehe na saini, imewekwa mezani pako chini ya ratiba. Picha ya pamoja itafuata baada ya hapo.

Tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na Kamati ya Maandalizi, imesomwa na Katibu Msaidizi.