YAH: Malalamiko kuhusu orodha yenu ya simu na vishikwambi vya kurushia droni

Kwa Kitengo cha Huduma kwa Wateja,

Habari zenu ndugu zangu. Naandika barua ndefu kwa sababu zile fupi nimeshatuma tatu na zote mmenijibu kwa maneno yaleyale, nifute apu niipakue upya alafu nizime rimoti niiwashe tena. Nimefanya yote hayo. Shida yangu haipo kwenye apu, ipo kwenye ule ukurasa wenu mnaowaambia watu simu gani na kishikwambi gani kinafaa kufungwa kwenye rimoti kurushia droni yenu. Ukurasa ule umenipotosha mara mbili, na mara ya pili nusura nipoteze droni yenyewe.

Nilianza kununua droni, simu niliyokuwa nayo kioo chake ni kidogo na macho yangu sahivi yanataka kitu kikubwa, nikasema nitafute kishikwambi. Sikukurupuka. Niliingia kwenye ukurasa wenu nikakuta upande wa Android mmeandika mstari mmoja tu, "Android 7 na kuendelea", basi. Nikanunua kishikwambi cha Android 11 nikijua hapo nimepitiliza hata mnachotaka, nafika nyumbani apu inagoma kuingia, inaniambia kifaa hakiendani. Siku mbili nahangaika mpaka nikaja kugundua mwenyewe kwamba apu yenu inakubali Android ya biti 64 tu, yaani ule mfumo unaochakata data kwa mafungu makubwa kuliko wa zamani wa biti 32, na kile kishikwambi chipu yake ni ya biti 64 kweli ila Android waliyokiwekea kiwandani ni ya biti 32, na viko vingi vya namna hiyo hasa hivi vyenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ndogo. Mtu wa kawaida atalijuaje hilo? Kwenye boksi halijaandikwa, kwenye mipangilio ndo usiseme, mpaka upakue apu nyingine ya kukusomea vitu vya ndani. Mngeongeza neno moja tu, biti 64, kwenye ule mstari wenu mimi nisingekinunua.

Nikarudi kwenye ukurasa, safari hii nikashuka mpaka kwenye orodha ya majina, nikaona iPad imo, pembeni yake hakuna alama wala onyo lolote. Nikachukua ile ya inchi 10.2, ya waifai tupu, isiyoweka laini ya simu. Apu ikaingia, picha ikaja safi kabisa, nilifurahi sana siku ile. Ila kuifunga kwenye rimoti ndo haiwezekani, ile taya inayoshika simu mwisho wake inafunguka milimita 86, nimepima kwa rula, na iPad ile upana wake ni milimita 174, hata iPad mini haiingii pale. Kwa hiyo mmeweka kwenye orodha kifaa ambacho rimoti yenu wenyewe haiwezi kukishika, mteja aende akatafute kishikio kingine, na hilo nalo hamjaliandika popote nilipoona. Nikatafuta kishikio.

Sasa hapa naomba msome taratibu.

Jua lilikuwa kali, anga jeupe, droni iko juu mita 60 na mbele yangu kama mita 300. Kioo cha iPad ile mwanga wake ni niti 500 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo), ndani ya nyumba unatosha na kubaki, nje nilikuwa naona uso wangu na kofia yangu kuliko ninavyoona picha ya droni, nikawa nakiwekea kivuli kwa mkono huku mkono mwingine uko kwenye kijiti cha rimoti cha kuongozea droni. Na muda wote huo rimoti inaingiza chaji kwenye iPad kupitia ule waya, kwahiyo jua linaichemsha kwa juu na chaji inaichemsha kwa ndani. Kama dakika ya kumi hivi kioo kikaanza kufifia, nikadhani ni macho, kumbe iPad ikipata joto inajipunguzia mwanga yenyewe. Nikaongeza mwanga, haupandi. Mara kioo chote kikawa cheusi, katikati kimchoro cha kipimajoto, na maandishi kwamba iPad inatakiwa ipoe kwanza ndo itumike.

Picha hamna. Ramani hamna. Betri ya droni imebaki asilimia ngapi sijui. Na hata ile ramani kabla haijazimika haikuwa inanionyesha mimi niko wapi, kwa sababu iPad ya waifai tupu haina GPS, kile kipokezi cha satelaiti kinachojua ulipo, kwahiyo droni naiona kwenye ramani ila iko upande gani wangu sijui, na juu huko nilishaipoteza kwa macho. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka rimoti inagonga kwenye vifungo vya shati. Niliamini kabisa iPad ikifa na droni imekufa.

Kumbe sivyo, rimoti inaongea na droni moja kwa moja kwa mawimbi yake, iPad au simu kazi yake ni kuonyesha picha na kubadilisha mipangilio, vijiti vilikuwa vinafanya kazi muda wote ule. Sikujua. Nilichofanya ni kubonyeza kile kitufe cha kurudi nyumbani, kinachoirudisha droni pale iliporukia, nikakishikilia mpaka kikalia, alafu nikasimama pale natega sikio mpaka niliposikia mapanga ya droni yanakuja. Ikatua hatua mbili tu kutoka pale iliporukia. Kwa hilo nawashukuru, droni yenu ni nzuri na ndo maana bado nawaandikia badala ya kuiuza.

Na siilaumu iPad. Apple wenyewe wameandika itumike sehemu yenye nyuzijoto 0 mpaka 35, siku ile nina hakika ilizidi. Mliokosea ni nyinyi, mmeiweka kwenye orodha ya vifaa vya kurushia droni, kazi inayofanyika nje juani, na hamkusema neno kuhusu joto, wala mwanga, wala GPS. Mtu anayeanza hajui aulize nini, yeye anaamini orodha.

Naomba mfanye hivi. Kwanza ule ukurasa muuandike upya, mseme wazi kwamba ni biti 64 tu, RAM isipungue ngapi ili apu isistaki, mwanga wa kioo (kwa nilivyojionea mimi chini ya niti 1000 juani ni kuteseka), taya ya rimoti inashika upana na unene kiasi gani maana hata simu yenye kava nene haikai vizuri pale, na kila kifaa kisicho na GPS kiwekewe alama. Mwambieni mtu pia siku ya jua azime kwenye mipangilio ile rimoti kuchaji simu au kishikwambi, na hata waya muuelezee, kuna waya wa chaji tupu ambao haupitishi data, watu wanahangaika nao wakidhani rimoti ni mbovu. Na lile jambo la vijiti kuendelea kufanya kazi simu ikizima, liwekeni ukurasa wa kwanza wa mwongozo kwa herufi kubwa.

Kwa upande wangu naomba mnibadilishie rimoti hii mnipe ile yenye kioo chake humohumo, mimi nitaongeza tofauti ya bei, mkate tu gharama ya kile kishikwambi cha kwanza ambacho mpaka leo kipo kwenye boksi lake. Risiti zote mbili nimeambatanisha, na skrinshoti ya ule ukurasa jinsi ulivyokuwa siku niliponunua.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14, na naomba liandikwe na mtu aliyesoma barua hii mpaka mwisho.

Mteja wenu